Ndovu, Nyuki na Usukani: Kuitafutia Jina Dhana Ngeni katika Mazingira ya Voi

Makala haya yanakusudia kufafanua dhana moja ya sayansi ya leo na kuipendekezea jina la Kiswahili. Dhana yenyewe ni ya mifumo inayofungamanisha kompyuta na vitu halisi. Vihisi hupima hali ya mahali, kompyuta huchanganua vipimo, mtambo hutenda kulingana na matokeo, kisha vihisi hupima tena. Istilahi yake ya Kiingereza ilibuniwa takriban mwaka wa 2006 na Helen Gill wa Wakfu wa Taifa wa Sayansi nchini Marekani. Aghalabu mfano unaotolewa ni wa jiji ambamo taa za barabarani hubadilika kwa kufuata wingi wa magari.

Voi si jiji la aina hiyo, lakini dhana hii haiko mbali nayo. Mji huu umepakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki, na unapitiwa na reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka wa 2017. Mwezi wa Machi 2016, reli ikiendelea kujengwa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na shirika la Save the Elephants waliwavisha ndovu 10 wa Tsavo ukosi wenye kihisi cha mahali, ili kubaini jinsi ujenzi huo ungeathiri nyendo zao. Ukosi hupokea mawimbi ya setilaiti na kutuma taarifa, nayo kompyuta huzichora katika ramani. Kuhisi kupo, kuchanganua kupo; kutenda kumeachiwa binadamu.

Linganisha na ua wa mizinga ya nyuki uliopo Sagalla, karibu na Voi. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi alikotoka. Hapana kompyuta, ila mzunguko wa kuhisi na kutenda umekamilika. Ukosi una kompyuta, ila mzunguko wake una pengo.

Pengo hilo hujazwa na lugha. Mwaka wa 2008 iliripotiwa kwamba huko Ol Pejeta, Laikipia, ndovu aitwaye Kimani alivishwa ukosi wenye kadi ya simu. Alipoelekea mashambani, walinzi walipata ujumbe mfupi, wakaenda kumrudisha. Ujumbe ndio uliogeuza kipimo kuwa kitendo. Kwa mkulima anayelinda mahindi na pojo usiku, ujumbe usioeleweka ni sawa na ujumbe usiotumwa. Huenda akapoteza mavuno, au hata uhai.

Tuiiteje basi dhana hii? Kiambishi cha istilahi ya Kiingereza kina asili katika neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani, ambalo Norbert Wiener alilitumia mwaka wa 1948 kuipa jina taaluma ya udhibiti na mawasiliano. Nahodha huona wimbi, hugeuza usukani, huona tena. Kwa hivyo twapendekeza mfumo-sukani, wingi mifumo-sukani, kwa kuwa jina hili lataja kazi ya mfumo, si sehemu zake tu.

Hata hivyo, istilahi ni mwanzo tu. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kushirikiana na wasemaji wa Kisaghala na Kidawida kutunga maneno ya tahadhari yenyewe: ndovu yuko upande gani, yu mbali kiasi gani, na msikiaji afanye nini.