Kigugumizi na Jukwaa: Kazi ya Roger Blin

Sisi wenye kushughulika na lugha tumezoea kumhesabu mwenye kigugumizi kuwa ni mtu aliyezuiwa na ulimi wake mwenyewe. Habari za Roger Blin, mwigizaji wa Kifaransa aliyekuja kuwa mwongozaji wa michezo, zatutaka tuipime upya hukumu hiyo. Alizaliwa Neuilly-sur-Seine mwaka 1907, akafariki mwaka 1984. Katika mazungumzo ya kila siku maneno yalimkwama. Alipopanda jukwaani kusema maneno ya mtu mwingine, yalimtoka sawasawa.

Hali hiyo si ya Blin peke yake. Yajulikana kwamba kuimba, au kusoma kwa sauti pamoja na wenzi, huwapunguzia wengi kigugumizi. Huenda ni kwa sababu mwendo wa sauti huwekwa na kitu kilicho nje ya msemaji.

Sehemu zake za mwanzo hazikumtaka aseme mengi. Mwaka 1935 Antonin Artaud alimfanya msaidizi wake katika Les Cenci, akampa na nafasi ya muuaji asiyetamka neno. Katika sinema alipata sehemu ndogo ndogo: mgonjwa wa hospitali katika Le Corbeau ya mwaka 1943, mshairi katika Orphée ya mwaka 1950.

Lakini sifa yake yatokana na uongozaji. Mwaka 1949 alitoa mchezo wa Strindberg. Samuel Beckett akauona, kisha akamkabidhi En attendant Godot. Ulichezwa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Januari 1953, katika Théâtre de Babylone mjini Paris, Blin mwenyewe akiwa Pozzo, tumbo limejazwa kwa mto wa kulalia kwa kuwa hakuwa mnene. Maandishi ya Beckett yamejaa maagizo ya kunyamaza, na hapa Kiswahili chatusaidia kupambanua: kunyamaza ni tendo la hiari, kukwama si hiari. Nadhani mtu aliyezijua hali zote mbili kinywani mwake alikuwa na sikio la kuzitenga, ambalo mwongozaji fasaha angeweza kulikosa. Wala sisemi kwamba kigugumizi ndicho kilichomfanya kuwa bingwa.

Mwaka 1957 Fin de partie, ambao Beckett alimtabarukia Blin, ulichezwa kwanza London, tena kwa Kifaransa, kwa kuwa Paris haukupata ukumbi. Mwaka 1959 akaongoza Les Nègres wa Jean Genet pamoja na kundi la Les Griots, lenye waigizaji wa Kiafrika na wa visiwa vya Karibi.

Mwaka 1960 alitia sahihi tamko la watu 121 lililotetea haki ya kukataa kupigana vita vya Aljeria. Waliotia sahihi walifungiwa redio na televisheni ya serikali. Yule aliyekuwa amepata sauti akanyang'anywa njia ya kuipeleka. Hata hivyo, mwaka 1966, miaka minne baada ya vita kwisha, aliongoza Les Paravents wa Genet katika Odéon, ukumbi wa serikali hiyo hiyo. Wapinzani waliwarushia waigizaji vitu jukwaani, polisi wakalinda mlango, na waziri André Malraux akalazimika kuutetea mchezo huo mbele ya Bunge.