Funga Daftari, Kisha Uchore

Saa tatu usiku, Biryogo, mtaa wa Nyamirambo hapa Kigali. Mpwa wangu wa kidato cha sita, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, ameinamia ukurasa wa figo ambao ameupaka wino wa njano karibu wote. Anausoma mara ya tano.

“Mjomba, hii imeshaingia.”

Nikamwomba afunge daftari, anichoree nefroni, kichujio kidogo cha figo, nyuma ya bahasha. Akachora kapsuli ya Bowman, akaanza mrija wake, mkono ukasimama.

Akili anayo, na bidii pia. Ila jicho likishauzoea ukurasa, ubongo huyachukua mazoea hayo kuwa ndiyo ujuzi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mtahiniwa alijue. Wanafunzi walipewa vifungu viwili vya sayansi. Kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika bila kuchungulia yote waliyoyakumbuka. Waliopimwa baada ya dakika 5 walikikumbuka zaidi kile kilichorudiwa: asilimia 81 kwa 75. Lakini kwa waliopimwa baada ya wiki, kilichorudiwa kilibaki asilimia 42, na kile cha kujipima 56.

Hizo dakika 5 ndizo zinazowaponza watoto wetu. Ukikesha unasoma, unalala ukijiona umeiva. Mtihani wa taifa wa NESA, mamlaka ya mitihani ya Rwanda, unaoamua nani aingie chuo kikuu, huja baada ya wiki na miezi. Kulitafuta jambo kichwani, hata kwa kuhangaika, ndiko kunakoliimarisha. Nao usingizi, ambao wengi huuona adui, ndio wakati ubongo unapoyakomaza ya mchana.

Madrasa za Nyamirambo zinalijua hili siku nyingi. Ustadhi humtaka mtoto afunge juzuu asome kwa ghibu, na akikwama humpa neno moja tu, mengine ayatafute mwenyewe.

Tukafanya vivyo hivyo na figo. Nilimtajia kitanzi cha Henle, basi. Kufikia saa nne bahasha ilikuwa imejaa, mshale mmoja tu ukielekea kusiko. Aliusahihisha, akaizima taa. Alhamisi atachora tena, kabla ya kufungua daftari.