Singeli: kasi yenye hesabu

Mshale wa sekunde ukisogea mara moja, wimbo wa kawaida wa singeli umeshapiga mara nne. Hayo ni mapigo 240 kwa dakika, na zipo nyimbo zinazokaribia 300. Muziki wa house, unaojaza kumbi za disko duniani, hutembea kwenye 120 hadi 130. Ndiyo maana wasikilizaji wengi wa Ulaya huifananisha singeli na gabber, muziki mkali wa Rotterdam wa miaka ya 1990. Zote mbili zina mbio. Kwa ukoo hazihusiani hata kidogo.

Singeli ni mtoto wa uswahilini, Dar es Salaam: Manzese, Tandale, Mburahati. Imekulia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, na mzazi wake ni mchiriku, uliopigwa kwa ngoma na kinanda kidogo cha Casio kilichofungwa kwenye spika hadi sauti ikakwaruza. Mchiriku nao haukuwa na subira. Kompyuta ilipoingia mtaani, mbio zile zilipata chombo cha kuzibeba.

Prodyuza hukata kipande kifupi, mara nyingi cha taarabu, akakizungusha bila kukoma huku akikiongezea kasi. Kipande cha mapigo 120 kikipelekwa 240 bila kurekebishwa sauti, hupanda oktava nzima: mwimbaji mtu mzima anatoka na sauti ya kitoto. Wapo wanaoona huo ni ufundi duni. Mimi naona ni sikio zuri, kwa sababu sauti nyembamba ndiyo inayopenya kelele za uwanja uliojaa watu.

Na mwili unaimudu vipi kasi hiyo? Mchezaji hafukuzani na kila pigo. Miguu huchukua pigo moja katika mawili, kiuno kikachukua moja katika manne, na 240 ikawa 120 au 60. Bibi na mjukuu wanaweza kucheza wimbo mmoja, kila mmoja kwa mwendo wake, na wote wawe ndani ya biti.

Umaarufu wa singeli umepita njia mbili. Nyumbani umebebwa na waimbaji: Msaga Sumu, Sholo Mwamba, Man Fongo na "Hainaga Ushemeji" yake, Dulla Makabila. Nje umebebwa na maprodyuza. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa "Sounds of Sisso", mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Zikafuata albamu za Bamba Pana na Jay Mitta, na mwaka 2022 "Mr Mixondo" ya DJ Travella. Majukwaa ya Ulaya yakafunguka.

Nafurahi, lakini kuna jambo linaniuma. Kinachosafiri zaidi ni biti tupu. Huku kwetu watu humshangilia anayechana: anayeimudu kasi ile bila kumeza silabi, akataja mtaa, kodi ya nyumba, mapenzi na fitina za majirani, na uwanja mzima ukamwitikia. Ukimwondoa huyo, umebaki na nusu ya singeli. Lebo zinazoiuza nje ziwape wachanaji nafasi zaidi kwenye albamu hizo, na maneno yao yachapwe pamoja na tafsiri, ili anayecheza Berlin ajue anaambiwa nini.