Faharasa ya Mahali: Jinsi Kompyuta Inavyotafuta kwenye Ramani

Wanafunzi wetu wanaochora ramani za lahaja hutumia hifadhidata za ramani, nasi walimu hatuna budi kuwaeleza kwa Kiswahili yanayotendeka ndani yake.

Hifadhidata hizo huhifadhi maumbo ya aina tatu hasa: nukta (kisima, shule), mstari (mto, barabara) na poligoni, yaani eneo lililozungukwa na mpaka (ziwa, wilaya). Kila umbo huandikwa kwa jozi za namba za longitudo na latitudo.

Kamusi hutafutwa upesi kwa sababu maneno yana mpangilio mmoja, A hadi Z. Mahali hapana mpangilio wa namna hiyo. Tukiipanga miji kwa longitudo peke yake, Kampala itakaa karibu kabisa na Khartoum, ilhali iko mbali nayo kwa zaidi ya kilomita 1,600.

Mwaka 1984 Antonin Guttman alieleza njia iitwayo mti wa R. Kila umbo hufungiwa ndani ya mstatili mdogo kabisa unaoweza kulizunguka. Mistatili iliyo karibu hukusanywa ndani ya mstatili mkubwa, nayo mikubwa ndani ya mikubwa zaidi, kuanzia majani hadi mzizi. Utafutaji huanzia mzizini. Mstatili usiogusa eneo linalotafutwa huachwa pamoja na matawi yake yote, na hivyo maumbo mengi hayaguswi kabisa.

Lakini tuwatahadharishe wanafunzi: mstatili si umbo lenyewe. Kampala imo ndani ya mstatili wa Ziwa Victoria, ila haimo ziwani. Ndiyo maana kazi ina hatua mbili: kwanza kuchuja kwa mistatili, kisha kupima umbo halisi kwa yale yaliyobaki. Katika PostGIS, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, alama && hulinganisha mistatili tu, bali ST_Intersects hutimiza hatua zote mbili. Anayeishia kwenye hatua ya kwanza anaweza kuwahesabu wasemaji wa mjini kuwa wakazi wa majini, na ramani yake ya lahaja ikapotosha.

Kwa upande wa istilahi, hatukupungukiwa. Faharasa, mzizi, tawi, jani, mstatili na kuchuja ni maneno tunayoyafundisha kila muhula. Tuyatumie na katika somo hili.