Mzigo Wako Kutoka Mombasa Hadi Kampala: Ushuru Unalipwa Lini, na Wapi?

Unaagiza bidhaa kutoka ng'ambo na wateja wako wako Kampala? Basi ni vizuri ujue pesa inaingia wapi katika safari ya mzigo wako.

Zamani ilikuwaje?

Lori likitoka bandari ya Mombasa lilisimama mpakani Malaba au Busia mara mbili: upande wa Kenya, kisha upande wa Uganda. Makaratasi yaleyale, ukaguzi uleule. Dereva analala kwenye foleni, mwenye mzigo anahesabu hasara.

Nini kilibadilika?

Mwaka wa 2014, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Mzigo unaoenda kuuzwa Uganda sasa hulipiwa ushuru wa Uganda kabla haujatoka Mombasa. Njiani, lori hufungwa kufuli ya kielektroniki ambayo Kenya, Uganda na Rwanda huifuatilia kwa pamoja. Ikifika mpakani, lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, na maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi hapo pamoja.

Hii inakuhusu vipi?

Kwa sababu ushuru unatangulia, mzigo ambao haujalipiwa hausongi. Na siku za kuhifadhiwa bure bandarini zikiisha, unaanza kulipia kila siku. Kwa hivyo:

- Panga pesa ya ushuru mapema, kabla meli haijatia nanga.
- Lipa kwa PRN. Hii ni namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa KRA kwa ushuru wa Kenya, au URA kwa ushuru wa Uganda. Wakala akikwambia "nitumie tu kwa simu yangu", itisha PRN ulipe mwenyewe.
- Hakikisha kiasi na namba kabla ya kuweka PIN yako.
- Usifute meseji ya uthibitisho. Kukitokea ubishi, ndiyo ushahidi wako.

Na kama unavuka na mzigo mdogo?

Kama bidhaa zimelimwa au kutengenezwa Afrika Mashariki, ziko kwenye orodha iliyokubaliwa na hazizidi dola 2,000, omba cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale mpakani. Ukiwa nacho, hutozwi ushuru wa forodha, ingawa kodi zingine zinaweza kubaki.

Serikali zimepunguza vituo vya kusimama. Kulipa kwa wakati, na mahali panapofaa, ni juu yako.