Kaa wa mtoni: akiwa mwekundu, si kusema ameiva

Watoto wanakamata kaa chini ya mawe ya mto, wanamtupa kwenye makala, ganda likianza kuwa jekundu wanasema: tayari, tule. Hapo ndipo hatari iko. Ganda linabadili rangi mapema, kumbe nyama ya ndani ingali mbichi.

Kaa wa mtoni anaweza kubeba mnyoo unaohamia kwenye mapafu ya mtu. Ugonjwa wenyewe unaitwa paragonimiasi. Mtu anakohoa miezi na miezi, makohozi yana damu. Unafanana sana na kifua kikuu, lakini dawa za kifua kikuu haziuponyeshi.

Kama ni mara yako ya kwanza kupika kaa, chukua aliye hai. Aliyekufa kitambo, mwache, hata akiwa bei ya chini. Mwoshe, mtie mzima katika maji yanayotokota, dakika 20. Ndipo ufungue ganda, utoe matamvua na matumbo, ukaange na mawese, nyanya na kitunguu. Ukimkata mbichi, mnyoo unaweza kubaki kwenye kisu. Ndimu na pilipili ni za utamu tu, haziuui.

Na kama ulishakula kaa mbichi na sasa unakohoa, umwambie muganga. Dawa iko: prazikwanteli, ileile ya bilharziozi.