Je, Wajua? Majani Yakipukutika, Mapenzi Hayakomi

Kati ya Septemba na Desemba, nchi za kaskazini ya dunia hupoteza majani, ndege na mwanga, kimoja baada ya kingine. Ni majira ya kuagana. Tumekusanya mambo ya kweli kuyahusu, na tumekuta jambo moja likijirudia kwa miti, kwa wanyama na kwa watu: kupoteza hakukomeshi kupenda. Huyapa mapenzi kazi nyingine.

ANGANI

Je, wajua kwamba baridi ya kaskazini huja wakati dunia iko karibu zaidi na jua? Mwanzoni mwa Januari umbali wetu na jua ni kilomita milioni 147 hivi. Mwanzoni mwa Julai hufika milioni 152. Kinacholeta majira ni mwinamo wa dunia, nyuzi 23.4. Ifikapo Desemba, kaskazini huwa imelipa jua kisogo: miale huipiga kwa mshazari na mchana hufupika.

Tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote. Kuanzia hapo, kaskazini usiku hushinda. Katika mji wa Tromsø, Norway, jua huaga mwishoni mwa Novemba na kurudi katikati ya Januari. Utqiaġvik, Alaska, hukaa siku 65 hivi bila kuliona.

MTINI

Je, wajua kuwa manjano ya jani ilikuwamo muda wote? Ilifunikwa na kijani cha klorofili. Mchana ukifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, iliyopo huvunjwavunjwa, na manjano iliyokuwa chini yake hujitokeza.

Nyekundu ni habari nyingine. Miti kadhaa, kama vile maple, huitengeneza upya katika majuma ya mwisho ya jani, kwa sukari iliyobaki humo. Wanasayansi wengi wanaona kwamba rangi hiyo hulikinga jani dhidi ya jua wakati mti ukiokoa kilichomo, hasa nitrojeni, na kukihifadhi kwenye matawi, shina na mizizi. Jani linakufa, na bado linalindwa.

Je, wajua kuwa upepo husingiziwa? Mti wenyewe hujenga tabaka la seli za kukatia pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi, na kuandaa utando wa kuziba kidonda kabla jani halijadondoka. Upepo hukuta kazi imeshafanyika.

Tena mrithi huwa ameshapatikana. Miti mingi hufunga vichipukizi vya mwaka ujao wakati wa kiangazi, majani ya zamani yakingali kijani. Jani likianguka, kichipukizi kimekaa juu tu ya kovu lake, na kimejengwa kwa chakula ambacho jani hilo na wenzake walikipika. Anayeondoka ndiye aliyemlisha anayekuja.

Wapo pia wasioachia upesi. Mialoni michanga hushikilia majani makavu majira yote ya baridi, hadi machipuko mapya yayasukume. Hata miti haiombolezi kwa kalenda moja.

ANGA LA NDEGE

Je, wajua kwamba zamani Wazungu hawakujua ndege wao huenda wapi baridi ikiingia? Wengine waliamini kuwa mbayuwayu hulala ndani ya tope la mabwawa. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mweupe mwenye mkuki umemchoma shingoni. Mkuki ulikuwa wa Afrika ya Kati. Ndege yule alichomwa huku kwetu, akaruka nao hadi kwao. Mwili wake umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Kuna korongo wengine wawili ambao habari zao zinastahili kusimuliwa taratibu. Katika kijiji cha Brodski Varoš, Kroatia, mhudumu wa shule aitwaye Stjepan Vokić alimwokota korongo jike aliyepigwa risasi na wawindaji. Ilikuwa mwaka 1993. Bawa halikupona sawasawa, na ndege hakuweza tena kuhama. Alimwita Malena, akamjengea kiota juu ya paa, na kila baridi ilipoingia alimhifadhi ndani. Baadaye Malena akapata mwenzi, Klepetan. Majira yakigeuka, Klepetan aliondoka peke yake kwenda kusini mwa Afrika, safari ya kilomita 13,000 hivi, na machipuko yalipofika alirudi kwenye paa lilelile. Walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 15, wakalea makinda mengi. Malena alikufa mwaka 2021. Kwa miaka yote hiyo mapenzi yao yalibebwa na wawili: mmoja aliyerudi, na mzee mmoja aliyemtunza aliyebaki.

Je, wajua kuwa batamaji wa Bewick huja Uingereza kutoka kaskazini mwa Urusi ili kupisha barafu? Mwaka 1964, mchoraji na mhifadhi Peter Scott aligundua kuwa kila mmoja ana alama zake mdomoni, akaanza kuwapa majina huko Slimbridge. Kufikia 2010, baada ya zaidi ya miaka 40 ya kuwafuatilia, watafiti walikuwa wameona jozi mbili tu zilizoachana wote wakiwa hai. Aliyefiwa huweza kukaa misimu kadhaa kabla ya kupata mwingine.

Upande wa kusini majira hugeuka kinyume. Pengwini mkubwa wa Antaktika hukusanyika Machi na Aprili, baridi inapoanza. Jike hutaga yai moja, hulikabidhi kwa dume juu ya nyayo zake, kisha huenda baharini kutafuta chakula. Dume hubaki katika giza na dhoruba, bila kula, akilipasha yai joto kwa siku 65 hivi. Jike akirudi, hutambuana kwa sauti miongoni mwa maelfu.

Je, wajua kwamba kozi wa Amur hutoka mashariki mwa Urusi na kaskazini mwa China, hupumzika India kaskazini-mashariki mwezi Oktoba na Novemba, kisha huvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi Afrika Mashariki? Kereng'ende wanaovuka bahari hiyohiyo huaminiwa kuwa chakula chake njiani.

Na huko Ngulia, Tsavo Magharibi, nchini Kenya, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, watafiti wamekuwa wakiwavika pete ndege wahamaji tangu 1969. Wale ambao Ulaya inawaaga, sisi tunawapokea.

KATIKA MAPANGO NA MASHIMO

Je, wajua kwamba dubu jike hupandwa kati ya Mei na Julai, lakini mimba yake husubiri? Kiinitete hukaa bila kujishikiza kwenye mji wa mimba hadi Novemba hivi. Mama akiwa na mafuta ya kutosha, mimba huendelea, yakikosekana, haiendelei. Huzaa Januari au Februari, ndani ya shimo, bila kula wala kunywa, watoto wenye uzito usiofika nusu kilo. Katikati ya baridi kali, kuna anayenyonyesha.

Chura wa misituni wa Alaska na Kanada huganda kweli. Karibu theluthi mbili ya maji ya mwili wake huwa barafu, moyo husimama, pumzi hukatika. Sukari nyingi katika seli zake huzikinga zisiharibike. Joto likirudi, moyo huanza tena kudunda.

Kirukanjia wa Ulaya hupunguza fuvu na ubongo wake kabla ya baridi, kisha huvikuza tena machipuko yakija. August Dehnel alieleza jambo hili mwaka 1949. Mnyama asiyeweza kuhama wala kulala baridi nzima hujipunguza ili avuke.

KATIKA NYUMBA ZA WATU

Je, wajua kwamba mshairi John Keats aliandika shairi lake mashuhuri la majira haya tarehe 19 Septemba 1819, mjini Winchester? Mdogo wake Tom alikuwa amekufa kwa kifua kikuu tarehe 1 Desemba 1818, naye ndiye aliyemuuguza. Katika siku hizohizo za huzuni alimpenda Fanny Brawne, wakachumbiana. Kisha ugonjwa uleule ukamkamata yeye. Alikwenda Roma kutafuta joto, akafa tarehe 23 Februari 1821, akiwa na miaka 25. Barua za mwisho za Fanny hakuweza kuzifungua kwa uchungu, alizikwa nazo. Fanny alimlia kwa miaka, na pete yake hakuiacha maisha yake yote.

Franz Schubert alitunga mwaka 1827 nyimbo 24 za mtu aliyekataliwa na mpenzi, anayetembea peke yake theluji ikianguka. Aliyeandika maneno yake, Wilhelm Müller, alifariki mwaka huohuo. Schubert aliendelea kusahihisha nakala akiwa kitandani, akafa tarehe 19 Novemba 1828, akiwa na miaka 31. Nyimbo hizo zingali zinaimbwa kila majira ya baridi.

Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe Albert tarehe 14 Desemba 1861. Alivaa nyeusi hadi alipofariki Januari 1901. Nguo za marehemu ziliendelea kuandaliwa chumbani mwake, pamoja na maji ya moto ya asubuhi.

Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga picha ya chembe moja ya theluji kwa darubini, tarehe 15 Januari 1885. Alipiga zaidi ya 5,000. Alipenda kitu ambacho huyeyuka kabla hujakitazama vizuri, akakitunzia kumbukumbu. Alifariki tarehe 23 Desemba 1931 kwa nimonia, muda mfupi baada ya kutembea katika dhoruba ya theluji.

Je, wajua kuwa mwanzo wa Novemba ni wakati wa wafu katika nchi nyingi? Tarehe 1 Novemba, makaburi ya Poland huwaka mishumaa mpaka usiku. Nchini Mexico, tarehe 1 na 2, familia huwaandalia marehemu chakula walichokipenda na kutandaza maua ya rangi ya machungwa kuwaonyesha njia. Siku hizohizo mamilioni ya vipepeo wa monaki huwasili katika misitu ya milima ya Michoacán, kutoka Kanada na Marekani, safari ifikayo kilomita 4,000. Wenyeji wengi wamewaona tangu zamani kuwa ni roho za wapendwa zinazokuja kutembea.

Nchini Iran, usiku mrefu kuliko wote wa mwaka, wa tarehe 20 au 21 Desemba, haulaliwi mapema. Ndugu hukusanyika kwa mkubwa wa ukoo, hula makomamanga na matikiti, husoma mashairi mpaka giza lipungue nguvu.

MOYONI

Je, wajua kwamba huzuni huweza kuubadilisha moyo umbo? Madaktari wa Japani walieleza mwaka 1990 hali ambapo, baada ya mshtuko kama msiba, chemba ya chini kushoto ya moyo huvimba na kudhoofika ghafla, ikafanana na chungu cha kutegea pweza. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Wengi hupona ndani ya majuma kadhaa, ila wapo wanaokufa. Mfiwa akilalamika kifua, apelekwe hospitali. Asiambiwe ni majonzi tu.

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza sonona inayokuja kila mwaka mchana unapofupika. Tiba mojawapo ni mwanga mkali wa taa maalumu kila asubuhi. Ndugu yako aliyehamia kaskazini akinyamaza kuanzia Novemba, usimwite mwenye maringo. Mpigie.

KWETU PWANI

Je, wajua kwamba kaskazi ni pumzi ya baridi ya Asia? Bara lile likipoa, hewa yake huwa nzito na kumiminika kuelekea bahari yenye joto. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, upepo huo ulisukuma majahazi kutoka Oman, Ghuba na India hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakiwa na tende, samaki wakavu na mazulia. Aprili kusi ikivuma, yalirudi na boriti. Mabaharia wengi walioa huku na kule. Kwa mamia ya miaka, familia za pwani zilikutana na kuagana kwa amri ya baridi ambayo wengi wao hawakuwahi kuihisi.

Kuagana na aliyefariki nako kuna majira yake: mjane Mwislamu asiye mjamzito hukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Ni muda ambao sheria imemtengea, asiharakishwe na mtu.

LA MWISHO, NALO NDILO KUBWA

Je, wajua kwamba siku yenye usiku mrefu kuliko zote siyo siku ya baridi kali kuliko zote? Baada ya tarehe 21 au 22 Desemba mchana huanza kurefuka, lakini sehemu nyingi za kaskazini hufikia ukali wa baridi Januari, hata Februari. Ardhi na bahari huendelea kupoteza joto kuliko zinavyopokea, ingawa jua limeshageuka.

Waliofiwa wanalijua hili bila kufundishwa. Siku za matanga nyumba hujaa watu, sufuria haziteremki, mikono ya kubeba ni mingi. Kisha tanga huanuliwa, wageni hurudi makwao, na kila mtu husema sasa mambo yanaanza kutengemaa. Hapo ndipo baridi yenyewe inapoingia: mezani kuna sahani moja pungufu, na simu ya jioni hailii. Kama una mtu aliyefiwa mwaka huu, usihesabu kuwa ulikwenda kuzika ukamaliza. Nenda mwezi wa tatu tangu msiba. Nenda wa sita. Mtaje marehemu kwa jina, kaa ule na mfiwa, usiwe na haraka ya kuondoka.